Imla Mbele ya Spika

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi za Ufipa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nilipostaafu nilirudi Mpui, nyumbani kwa mama, kando ya barabara ya lami inayotoka Tunduma kwenda Sumbawanga. Ushuhuda ninaoutoa ni wa jambo ambalo wengi hawalitarajii kwa mwanamke wa umri wangu: jinsi kununua amplifaya kulivyobadili namna ninavyosikiliza na kusema na watu, na jinsi kulivyomrudisha mama yangu katika mazungumzo ya nyumba yake.

Kabla ya hapo nilisikiliza kama tulivyosikiliza wote. Kwetu muziki mzuri ni muziki mnene. Kijana akishauza mahindi yake anakwenda mjini na kurudi na sabufa yenye taa za rangi, na watu wanaipima kwa umbali: inasikika mpaka kwa nani? Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu, navyo vilitulea hivyo. Ukipita nje ya kibanda jioni unasikia milipuko na ngumi, na juu yake sauti ya mtafsiri akieleza kwa Kiswahili nani anamkimbiza nani. Kazi hiyo ya kutafsiri filamu, ambayo Lufufu wa Dar es Salaam aliivumisha nchi nzima, ni kazi ya maneno kwanza. Lakini vibandani maneno hayo yanapita katika mashine zilizonunuliwa kwa ajili ya milipuko.

Nyumbani nilikuwa na sabufa ya aina hiyo, na runinga bapa, na king'amuzi. Mama anapenda filamu za Kibongo, hasa za mwigizaji marehemu Kanumba. Amevuka miaka themanini, macho yake bado mazuri, anawatambua waigizaji wote. Lakini kila mtu alipofungua kinywa kwenye runinga, mama aliniuliza: “Anasemaje?” Nilipandisha sauti. Vikombe vikatetemeka kabatini, na mama akauliza tena: “Anasemaje, mwanangu?” Baadaye akaacha kuuliza. Akawa anakaa nasi, anatazama picha tu, na wengine wakicheka yeye anatutazama nyuso. Hilo liliniumiza kuliko maswali.

Kiinua mgongo kilipotoka, ndugu walikuwa na mapendekezo mengi: mashine ya kusaga, bodaboda, ng'ombe wa kulimia. Nilijenga choo kizuri, nikaweka dari sebuleni, nikaweka akiba, na fungu lililobaki nikaamua kulitumia kujenga sinema ya nyumbani iliyo bora kweli. Nilisemwa. Sikujibu.

Nilikwenda kwa fundi mmoja Sumbawanga mjini, mzee ambaye tangu enzi za redio za mkulima amekuwa akitengeneza vyombo vya sauti. Hakuniuliza nina shilingi ngapi. Aliniuliza, “Mama mwalimu, unataka kusikia nini?” Nikamwambia nataka mama yangu asikie maneno. Akanyamaza kidogo, kisha akaifungua ile sabufa yangu niliyokuwa nimeibeba. Nje ya boksi lake palikuwa pameandikwa wati kwa maelfu. Nyuma ya chombo chenyewe, kwenye kibandiko kidogo cha umeme, palisomeka wati 60. “Chombo kinachomeza wati 60,” alisema, “kitatapikaje maelfu?” Yale maelfu ni hesabu ya kufikirika, cheche ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Wati za kutegemea ni zile ambazo amplifaya inazitoa mfululizo, zinazoandikwa RMS. Asiyeona herufi hizo aulize, na muuzaji asiyejua jibu aachwe.

Halafu akanifundisha jambo ambalo nililiona kama somo jipya kabisa la sarufi. Sauti ndani ya chombo hupita hatua mbili. Ya kwanza ni priampu. Hapo ndipo unapochagua unasikiliza king'amuzi, deki au flashi. Hapo ndipo sauti inapopandishwa na kushushwa, na katika sinema ya nyumbani ndipo sauti moja inapochambuliwa kuwa kadhaa: ya kushoto, ya kulia, ya kati, za pembeni na ya besi. Ya pili ni amplifaya yenyewe, ile yenye nguvu, ambayo kazi yake ni kuchukua umeme mdogo wa priampu na kuukuza mpaka uweze kuisukuma spika. Amplifaya haina hukumu. Inakuza kila inacholetewa. Mchanga ukiingia kwenye mahindi kabla ya kusagwa, ugali wote utakuwa na mchanga, hata ukiusonga kwenye sufuria kubwa namna gani. Ndiyo maana fundi alisisitiza tuanze na priampu, wakati mimi nilidhani ni kijisanduku cha kuwekea vitufe tu.

Katika vyombo vingi vya sinema hatua hizo mbili zimo ndani ya sanduku moja, na kwa nyumba nyingi sanduku moja linatosha; sitaki mtu auze shamba kwa ajili ya masanduku mawili. Lakini kuzitenganisha kuna faida mbili zilizonishawishi. Umeme mkubwa na joto la amplifaya hukaa mbali na ile sauti changa ya priampu. Tena teknolojia ya sinema hubadilika upesi upande wa priampu, ila amplifaya nzuri huishi miaka mingi. Mtambo wa kuchambua sauti uitwao Dolby Pro Logic ulikuja 1987. Mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ikaleta Dolby Digital kwenye majumba ya sinema. Na tangu hapo teknolojia hizo hazijaacha kubadilika. Ukiwa na masanduku mawili unabadilisha moja tu.

Kilichonifungua macho zaidi ni habari ya spika ya kati. Katika filamu zilizorekodiwa kwa chaneli nyingi, maneno ya waigizaji yamewekwa karibu yote kwenye chaneli ya kati, chini ya picha, na besi imewekewa njia yake. Hata filamu zetu za kutafsiriwa, ambazo sauti ya mtafsiri iko sawasawa kushoto na kulia, mtambo kama Pro Logic huitambua sauti hiyo inayolingana na kuipeleka kati. Sabufa yangu ilikuwa inaponda vyote pamoja na kuvitia besi juu. Mama alikuwa anasikia ngurumo ya lori ilhali mtu anamwomba mkewe msamaha.

Na hapa ualimu wangu ukanisaidia. Mtu akizeeka, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Anaendelea kusikia besi na irabu vizuri; zinazompotea ni s, f, sh, th. Mwalimu wa Kiswahili anajua maana yake. Fika inakuwa shika, thamani inakuwa samani, kasha linakuwa kasa. Mama alikuwa anasikia kwamba watu wanasema. Hakusikia wanasema nini. Kupandisha sauti ya chombo kilichojaa besi ni kumwongezea kile ambacho tayari anacho.

Basi nikabuni kipimo changu. Nilibeba flashi yenye vipande vya mazungumzo: watu wawili wakinong'onezana ndani ya nyumba, mzee akisimulia, mama akimgombeza mwanawe huku mvua inanyesha nyuma yao. Nikabeba madaftari. Kila duka nilikoonyeshwa chombo, Sumbawanga na baadaye Mbeya, niliomba kwanza wazime ule muziki wao, wacheze flashi yangu kwa sauti ya chini, nami nikaandika nilichosikia. Imla, kama tulivyowapa watoto darasani. Duka moja walikataa, wakasema chombo kile si cha kusikilizia hotuba. Nikaaga.

Imla inafichua mengi. Kuna mashine iliyokuwa nzuri kwa muziki wa dansi lakini herufi s zote ziliungua, zikawa kama mafuta yanayokaangwa. Kuna nyingine ilikuwa na vumi la chini lililokuwepo hata filamu ikisimamishwa. Ukiweka sikio karibu na twita, kile kispika cha sauti nyembamba, unalisikia waziwazi, na kwenye tukio la kimya linafunika mnong'ono. Vumi hilo mara nyingi chanzo chake ni priampu dhaifu, na hakuna amplifaya ya bei yoyote itakayoliondoa. Niliyoichagua mwishowe ilikuwa kimya. Ukisimamisha filamu hujui kama imewashwa, na niliandika mistari yote ya ule mnong'ono bila kurudia.

Kwa upande wa wati nilishangaa jinsi nilivyohitaji kidogo. Ukizidisha wati mara 2, sauti inapanda desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike maradufu unahitaji wati mara 10. Kumbe spika yenyewe ndiyo yenye uamuzi mkubwa: spika ya desibeli 93 ikipewa wati 25 hulia sawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Nikachagua spika nyepesi kusukumwa, na amplifaya ya wati 80 kwa kila moja ya spika tatu za mbele, wati za kweli, yenye transfoma nzito iliyohitaji vijana wawili kuishusha kwenye basi. Uzito ni ushahidi mzuri kwa amplifaya za mtindo wa zamani. Transfoma haidanganyi mizani. Akiba ile ya wati si ya kupiga kelele. Katika filamu maneno hukaa chini na mshtuko mmoja hupanda ghafla. Kiwango cha sinema huweka wastani wa desibeli 85 na kuacha nafasi ya kupanda hadi 105 kwa kila chaneli kuu. Amplifaya isiyo na akiba ikifika pale inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na ukataji huo unaweza kuua twita. Vijana wengi hudhani twita hufa kwa amplifaya kubwa mno. Hata ndogo iliyolazimishwa huweza kuziua.

Besi niliipa amplifaya yake, ya kisasa, ile wanayoiita daraja D. Hizo hufikisha sehemu kubwa ya umeme kwenye spika, takribani asilimia 90, wakati ile nzito yangu ya daraja AB hupoteza karibu nusu kwa joto. Priampu inazigawa sauti kwenye hezi 80: zilizo chini ya hapo zinakwenda kwenye besi, na spika za mbele zinabaki huru kushughulika na watu wanaoongea.

Suala la umeme huku kwetu linahitaji aya yake. Umeme wa Rukwa kwa miaka mingi ulikuwa ukitoka Zambia, maana gridi ya taifa ilikuwa haijatufikia. Ukame ulipoikumba Zambia mwaka 2024 na maji ya Kariba yakapungua, nasi wa uwanda huu tulijua habari hizo bila kusoma gazeti. Kwa hiyo anayechagua amplifaya Mpui asiige orodha za watu wa Ulaya. Ajiulize itakula kiasi gani ikiwa imewashwa tu bila kulia, na betri zake zitaibeba saa ngapi. Mimi umeme ukikatika nahamia kwenye sola, nazima ile nzito ya mbele, naibadilishia ndogo moja ya daraja D kwa spika ya kati peke yake. Picha, maneno, basi. Inatosha mpaka umeme urudi. Inveta iwe ile inayotoa wimbi safi, la sivyo utaukaribisha mlio ndani ya spika baada ya kuwa umelipa fedha nyingi kuuondoa. Na mtu akikuletea amplifaya ya mtumba kutoka Japani, tazama kibandiko nyuma: vyombo vya soko la Japani hutumia volti 100. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 zetu, umekiunguza hapo hapo. Kuna transfoma za kushushia. Ulizia bei zake kabla hujafurahia bei ya chombo.

Vumi lilinifuata mpaka nyumbani hata hivyo, la chini, lisilokoma. Fundi alinielekeza kwa simu nichomoe waya wa king'amuzi unaotoka kwenye dishi. Likakoma. Vyombo vilikuwa vimechomekwa kwenye soketi za kuta tofauti na waya wa dishi ukawa njia ya pili ya kwenda ardhini. Tulipoviweka vyote kwenye soketi moja, tatizo likaisha bila kununua kitu.

Kisha chumba. Sebule yetu ni ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, paa la bati juu ya dari. Tulipofunga vyombo ilikuwa Julai, baada ya mavuno, na upande mmoja wa sebule ulikuwa umejaa magunia ya mahindi mpaka karibu na dari. Sauti ilikuwa safi ajabu. Nikamsifu fundi, nikaisifu priampu. Mahindi yalipouzwa, sauti ikaharibika siku ileile: maneno yanagonga ukuta na kurudi, kila silabi ina kivuli chake. Magunia ndiyo yaliyokuwa yanameza mwangwi. Sasa nimeweka mkeka sakafuni, mapazia mazito, na ukuta wa nyuma una rafu ya vitabu vyangu vya kufundishia. Magunia machache nayaacha mpaka msimu ujao hata bei ikipanda. Masika mvua ikipiga bati hakuna amplifaya itakayoshindana nayo kwa heshima. Tunazima, tunapika chai.

Siku ya kwanza tuliyoiwasha rasmi niliwaita watoto wa jirani, nikawapa daftari, nikamketisha mama katikati. Filamu ilikuwa ya nyumbani, sauti iliyorekodiwa kwa uchovu, maana baadhi ya watengenezaji wetu hutegemea maikrofoni ya kamera. Niliwaambia watoto waandike kila atakachosema mama mkwe wa kwenye filamu. Waliandika, ndimi zikiwa nje kidogo kama watoto wanavyoandika. Katikati ya tukio mama yangu akasema kwa sauti, “Mwongo huyo! Ameshasema jana alikuwa Kigoma.” Watoto wakageuka. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya Kigoma. Aliisikia mwenyewe, kwenye sentensi ya dakika kadhaa nyuma, iliyosemwa na mtu aliyeipa kamera kisogo.

Tangu hapo mama anabishana na runinga. Anawatetea wakwe, anawalaani walevi, anamsimulia jirani asubuhi filamu nzima kwa majina na sababu. Vikao vya jioni vimehamia kwetu, na wazee wengine waliokuwa wameacha kutazama wanakuja na vigoda vyao. Sauti yenyewe ipo chini kuliko zamani. Anayepita barabarani hajui kama tunatazama.

Badiliko la pili ni langu mwenyewe. Nilikuwa nampigia mama kelele. Niliamini kwamba asiyesikia huongezewa sauti, kama nilivyoiongezea sabufa. Sasa namkalia mbele aone midomo yangu, nazima maji yanayotiririka na redio iliyoachwa jikoni, nasema kwa sauti ya kawaida na kuzitamka s na f zangu hadi mwisho. Ananijibu. Nimewafundisha hivyo wadogo zangu wanapompigia simu kutoka Dar es Salaam, na padri wetu nimemwomba kipaza sauti cha kanisani kipunguzwe besi wakati wa mahubiri. Alikubali, na wazee wa mabenchi ya nyuma wameshukuru.

Nikisoma historia naona hangaiko hili la kutaka maneno yasikike si geni nchini. Mwaka 1935 hadi 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza Notcutt na Latham waliendesha jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, na sauti zao walizirekodi kwenye santuri zilizopigwa kando ya filamu, ili watazamaji wa lugha mbalimbali waelezwe kwa lugha zao. Walizunguka Afrika Mashariki na kati kwa lori. Sipendi namna walivyotudhania, lakini tangu siku zile picha ya sinema vijijini kwetu imetegemea neno lisikike.

Walimu wenzangu mtakaopokea kiinua mgongo mwaka huu, na ninyi mtakaouza mahindi Julai: mkiingia dukani ombeni muziki uzimwe. Chezeni mazungumzo kwa sauti ya chini, shikeni daftari na kalamu, muandike. Kama nyumbani kuna mzee, nendeni naye, na yeye ndiye aamue. Mkishindwa kuandika maneno, chombo hicho kiacheni hapo hapo dukani, hata kiwe na wati ngapi.